Asiye na Tiketi

Umeme umekatika. Feni inazunguka kwa mazoea.
Nimeitoa hadubini ya zamani, ile ya kioo,
nikaielekeza dirishani; jua la saa nne la Tabora
likapanda bomba lake hadi jichoni mwangu.
Namba mia mbili na saba: tezi, shingo, kushoto.
Karatasi haina jina. Naijua shingo hiyo.
Nilibebwa juu yake kutoka stesheni hadi Ng'ambo.

Baba alikuwa mkaguzi wa tiketi, reli ya kati,
miaka thelathini na moja, koti la kaki,
koleo la kutoboa likining'inia kidoleni
kama pete iliyokataa kuvaliwa.
Abiria wa Usoke walimsikia kabla hawajamwona:

     Tiketi ni mkononi, si kwa maneno matamu;
     asiye nayo ni nani? Atashuka, afahamu.

Basi nilipomweleza ugonjwa wake nilianzia hapo.
Baba, kila seli ya mwili hubandika mlangoni
vipande vya protini inazopika ndani.
Ndiyo tiketi yake. Wapo askari weupe wanaoisoma
herufi kwa herufi. Walifundishwa chuo kidogo
nyuma ya mfupa wa kidari; aliyeuma wa nyumbani
hakuhitimu, wala hakutoka hai.
"Kikali kuliko Chuo cha Reli," akasema.
Kikali zaidi.
Wakiona neno geni, muhuri uliopinda, hawahitaji shahidi.

Saratani si mgeni. Hilo ndilo lililomchosha.
Haikupandia njiani. Imezaliwa behewani,
ina lafudhi yetu, ina pua ya ukoo,
imesahau tu namna ya kuacha kugawanyika.
Ikihisi tiketi yake itaisaliti, huimeza.
Hukaa mikono mitupu, uso mkavu, ikitazama nje
kama mtu anayehesabu miombo.
Msomaji hupita. Hana cha kusoma.

Baba akainua kidole: "Hapo ndipo nilipokuwa nawakamata."

Ndiyo. Maana yupo mwingine, hakusomea chuo kile,
huzaliwa na kazi yake: muuaji wa asili.
Huyo hatafuti tiketi bandia.
Hupapasa kila mkono; penye tiketi hulegea, hupita;
penye utupu hukaza.
Husogea hadi ngozi iguse ngozi,
huvuta vifuko vyake vyote upande mmoja,
hutoboa, kitundu, kitundu, kitundu,
na matunduni hupitisha amri, si risasi:
jibomoe mwenyewe, usimwage uchafu kwa jirani.
Nayo seli hujikunja, hujifunga vifurushi vifurushi,
vikazolewa kabla ya kituo kinachofuata.

Nilimwambia na yaliyobaki, maana hapendi kufichwa:
kwamba nyingine hutoa mkono wa chini,
humshika askari kiganja, humbembeleza,
hadi asinzie macho wazi.
Hapo alinyamaza sana. Kisha:
"Kaliua. Sabini na tisa. Debe la asali."
Hakuendelea. Sikuuliza.

Nazungusha gurudumu la hadubini, picha inatulia.
Wamo.
Nukta za zambarau, viini vya mviringo,
wamebanana pembezoni mwa uvimbe
kama watu kwenye ngazi za behewa,
wachache wameshapenya hadi katikati.
Dawa imewakausha wakiwa kazini;
siwezi kusema nani alikuwa anashinda.
Hilo daktari atalisoma Jumatatu, kwa maneno yake.

Jioni, akichambua karanga kwenye ungo,
ataniuliza: "Wangapi?"
Nitasema wachache, Baba, na treni ni ndefu.
Najua atakavyojibu, kwa sauti ile ya Usoke:
mabehewa kumi na manne, Tabora hadi Kigoma, usiku kucha,
na mkaguzi alikuwa mmoja.